Riwaya za Upelelezi za Kumliwaza Aliyefungiwa Nyumbani: Uanze Kununua Ipi?

Mtu anayelazimika kukaa nyumbani kwa majuma mengi, awe ametiwa plasta mguuni, anamuuguza mzazi, au amezuiwa na mvua za masika ambazo huku magharibi hazijui kunyesha kidogo, huhitaji kitabu cha namna yake. Riwaya nzito humchosha, habari za kila saa humtia wasiwasi, na simu humaliza chaji na bando kabla ya adhuhuri. Kinachomfaa ni riwaya tulivu ya upelelezi: pana kifo au wizi, pana fumbo, lakini damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji, na hatimaye ukweli hujulikana. Mwongozo huu unaipanga mifululizo ambayo msomaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji ya jirani anaweza kuipata bila taabu kubwa, kuanzia ule ninaoona kwamba unastahili kununuliwa kwanza.

Sikuipanga kwa ugumu wa mafumbo. Fumbo huliwa mara moja tu. Ukishamjua muuaji, limekwisha. Aliyefungiwa ndani ananunua watu wa kukaa nao, yaani mpelelezi ambaye angependa kualikwa kwake, na mtaa ambao baada ya kitabu cha pili anazijua njia zake. Kwa sababu hiyo nimependelea mfululizo mrefu kuliko kitabu kimoja kizuri kisicho na ndugu, na nimetazama pia kama kitabu kinachofuata kinapatikana, kwa kuwa hakuna liwazo katika kuanza jambo usiloweza kuliendeleza.

1. Bi Ramotswe wa Gaborone

Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948, alichapisha The No. 1 Ladies' Detective Agency mwaka 1998, na tangu hapo mfululizo huo umepita vitabu 20. Precious Ramotswe anauza ng'ombe alioachiwa na babake Obed, ambaye alifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, na kwa fedha hizo anafungua ofisi ya upelelezi huko Gaborone, Botswana. Mali ya ofisi inatajwa katika ukurasa wa kwanza kabisa: gari dogo jeupe, meza mbili, viti viwili, simu, taipureta kuukuu, birika la chai na vikombe vitatu, kimoja chake, kimoja cha katibu wake na kimoja cha mteja. Msomaji anayeupenda ukurasa huo ataupenda mfululizo mzima, na asiyeupenda asijisumbue kuendelea.

Kesi zake ni za watu wa kawaida. Katika mojawapo ya zile za mwanzo, mwanamke mwenye kazi nzuri anapokea nyumbani mwake mzee anayedai kuwa ndiye babake aliyepotea zamani. Mzee anakaa, anaandaliwa, analalamika kuhusu chakula, na binti anaanza kujiuliza iwapo kweli ni babake. Sidhani kama kuna msomaji wa Vihiga au Siaya atakayehitaji kuelezwa kwa nini binti huyo hawezi kumfukuza tu. Hapo ndipo mfululizo huu unapoizidi ile ya Ulaya: ng'ombe ni mali, mgeni hupewa chai kabla ya kuulizwa shida yake, na mpelelezi hupata habari kwa kuwajua watu na jamaa zao. Pembeni yake yupo Grace Makutsi, aliyepata asilimia 97 katika chuo cha ukatibu na asiyemwacha mtu yeyote alisahau jambo hilo, na yupo fundi wa magari J.L.B. Matekoni, mpole kupita kiasi.

Mnunuzi aonywe kuhusu mambo mawili. Kwanza, mafumbo yenyewe ni mepesi, kwa hiyo anayetaka kukuna kichwa atachoshwa. Pili, utulivu wa mfululizo huu hauna maana kwamba hauna huzuni. Kitabu cha kwanza kina ndoa yenye kipigo na mvulana aliyetoweka, na cha pili, Tears of the Giraffe, kinamhusu mama anayetafuta habari za mwanawe aliyepotea miaka mingi iliyopita. Ukimnunulia mtu aliyefiwa na mtoto, mpe cha tatu, Morality for Beautiful Girls, ingawa humo Matekoni anaugua sonona. Kiingereza chake ni chepesi, na mwanafunzi wa sekondari anayengojea shule kufunguliwa atakisoma bila kamusi.

2. Bwana Msa wa Unguja

Mfululizo huu ungekuwa wa kwanza kama vitabu vyake vingepatikana kwa wepesi. Muhammed Said Abdulla (1918–1991) alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka kama kitabu mwaka 1960. Kisha vikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, na hatimaye Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Bwana Msa huvuta kiko, hukaa kimya wakati wengine wanapopayuka, na huandamana na rafiki yake Najum, ambaye huona yote anayoyaona mwenzake lakini haelewi lolote mpaka aelezwe. Athari ya Sherlock Holmes iko wazi, wala mwandishi hakuificha. Lakini mashamba, koo kubwa, mirathi na siri za nyumba za Unguja ni vyake mwenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi Bwana Msa anavyoyashughulikia mambo ya mizimu. Watu wote wanaomzunguka wako tayari kuamini kwamba kifo kimeletwa na nguvu zisizoonekana, naye, bila kumdhihaki mtu, anaendelea kuuliza nani alikuwa wapi na nani alinufaika. Kwa msomaji aliyelala kitandani akipokea wageni ambao kila mmoja ana nadharia yake kuhusu nani aliyemroga, huyo ni mwenzi mzuri.

Lugha yake inahitaji subira. Kiswahili tulichofundishwa shuleni huku bara ni kipana kwa sarufi na chembamba kwa utani, ilhali Abdulla anaandika kwa misemo, methali na mizaha ya pwani, kwa hiyo Kamusi ya Kiswahili Sanifu iwekwe karibu. Kuhusu upatikanaji, maduka mengi ya vitabu ya Kisumu na Nakuru hujaza rafu zao vitabu vya kiada, na riwaya ya zamani huletwa kwa kuagizwa. Muulize muuzaji kama anaweza kukiagiza Nairobi au Mombasa kabla ya kutoa pesa, na usikubali fotokopi iliyofungwa kwa gundi. Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zinastahili kuulizwa kwanza, kwa sababu kuazima ni nafuu kuliko kuagiza.

3. Miss Marple

Agatha Christie aliandika riwaya 12 za Miss Marple, bibi kizee asiyeolewa wa kijiji cha St Mary Mead, ambaye hufuma sweta huku akiwasikiliza watu wenye elimu wakikosea. Usianze na riwaya. Anza na The Thirteen Problems ya mwaka 1932, mkusanyo wa hadithi fupi 13, ambamo marafiki hukutana jioni na kila mmoja husimulia kisa ambacho yeye peke yake anajua mwisho wake. Hadithi moja huisha kabla taa ya sola haijafifia. Miss Marple hufumbua kila kisa kwa kukilinganisha na kijambo fulani cha kijijini, kama vile msichana wa kazi au muuza samaki, na wenye elimu hubaki midomo wazi.

Baada ya hapo nunua 4.50 from Paddington, ambamo abiria anaona kupitia dirisha la treni mwanamke akinyongwa katika treni nyingine inayokwenda sambamba na yao, na hakuna anayemsadiki. Aliyechoshwa na kuuguzwa apewe The Mirror Crack'd from Side to Side: humo Miss Marple mwenyewe amewekewa mlezi anayemwambia kila saa apumzike, na mbinu anazotumia kumtoa mlezi huyo nyumbani ni sehemu tamu ya kitabu.

Hivi ndivyo vitabu vya upelelezi ambavyo ni rahisi kuvipata kwa wauzaji wa mtumba wanaotandika turubai kando ya barabara. Nakala iliyotumika huuzwa aghalabu kwa shilingi 100 hadi 300, huku riwaya mpya kutoka ng'ambo ikipita shilingi 1,000 bila shida. Hata hivyo kuna mtego. Mtumba hutoka Uingereza na pia Marekani, na wachapishaji wa nchi hizo mbili walizoea kukipa kitabu kimoja majina mawili. The Thirteen Problems ndicho The Tuesday Club Murders, na 4.50 from Paddington ndicho What Mrs McGillicuddy Saw! Kabla ya kulipa, soma aya ya kwanza ya kila nakala. Kisha geuza ukurasa wa mwisho uone kama upo. Kitabu cha mapishi kilichopoteza karatasi ya mwisho bado kina kazi. Riwaya ya upelelezi katika hali hiyo ni karatasi ya kuwashia jiko. Angalia pia pambizo, kwani wapo wasomaji wenye roho ya kuandika jina la muuaji kwa kalamu katika ukurasa wa 10.

4. Wazee wa Alhamisi

Richard Osman alianza mfululizo wake mwaka 2020 kwa The Thursday Murder Club. Wastaafu wanne wanaoishi katika makao ya wazee huko Kent, Uingereza, hukutana kila Alhamisi kuchunguza kesi za zamani, mpaka mauaji mapya yanapotokea karibu nao. Elizabeth alikuwa jasusi, Joyce alikuwa muuguzi, Ibrahim ni daktari wa akili, na Ron alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Shajara ya Joyce, inayoruka kutoka maiti hadi keki katika aya moja, ndiyo sababu ya kununua.

Nimeuweka wa nne kwa ajili ya bei, kwa kuwa nakala za mtumba bado ni chache, na kwa ajili ya jambo zito zaidi: mume wa Elizabeth anapoteza kumbukumbu, na kitabu cha nne, The Last Devil to Die, kinakwenda mbali katika huzuni hiyo. Anayemtunza mzazi mwenye ugonjwa huo anaweza kukipokea kama rafiki, au kikamvunja moyo, mjue unayemnunulia. Vitabu vyenyewe vinasomwa kwa mpangilio, tofauti na vya Miss Marple.

5. Sherlock Holmes, bila malipo

Hapa si kununua, lakini mwongozo unaoficha kitu cha bure si mwaminifu. Arthur Conan Doyle alifariki mwaka 1930, haki za kazi zake zimekwisha, na riwaya 4 pamoja na hadithi fupi 56 za Holmes zinapakuliwa kihalali kutoka tovuti ya Project Gutenberg. Faili lisilo na picha ni dogo, halitamaliza bando, na husomeka baadaye bila mtandao. Anza na The Adventures of Sherlock Holmes, hadithi 12. Katika mojawapo, mwenye duka la rehani analipwa vizuri kwa kazi ya kunakili ensaiklopidia kwa mkono kwa sababu tu ana nywele nyekundu. Hakuna anayeuawa, na fumbo ni la kuchekesha. Usianze na A Study in Scarlet, japo ndicho cha kwanza, kwa kuwa katikati kinamwacha Holmes kikahamia Marekani kwa kurasa nyingi.

Vilivyobaki

The Daughter of Time cha Josephine Tey, cha mwaka 1951, kina wazo zuri kuliko yote kwa mgonjwa: inspekta aliyelazwa hospitalini kwa mguu uliovunjika anachunguza kutoka kitandani iwapo mfalme Richard wa Tatu kweli aliwaua wapwa zake. Asiyejua wafalme wa Uingereza, hata hivyo, atapotea katika majina, kwa hiyo nakipendekeza kwa walimu wa historia pekee.

Wakazi wa Nakuru huenda wakavutiwa na Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walilima Njoro, na ambaye aliandika riwaya za upelelezi katika miaka ya 1930, mojawapo ikiwa Murder on Safari. Zina thamani ya kihistoria, lakini Waafrika ndani yake wanatazamwa kwa jicho la mlowezi, na sioni liwazo lolote hapo.

Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni wapelelezi niwapendao, lakini ni wa bastola, ndege na usiku wa mji mkubwa. Wahifadhi mpaka plasta itolewe.

Jambo la mwisho linahusu vitabu vilivyokwisha kusomwa. Wauzaji wengi wa mtumba hukubali kubadilishana, ukirudisha kitabu kikiwa safi na kuongeza pesa kidogo. Asiyeweza kutoka anaweza kukubaliana na muuzaji kwa simu, akalipa kwa M-Pesa, na kumtuma mwendesha bodaboda na vitabu viwili akarudi na vingine viwili. Mpe orodha ya majina iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na majina ya Kimarekani yawemo.