Mbele kunagonga: ubadilishe bushi au mkono mzima?

Gari la familia likianza kugonga mbele kwenye njia za mawe za Jambiani au Makunduchi, fundi atakupa njia mbili: bushi (vipande vya duara vyenye mpira ndani) za mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, au mkono wenyewe.

Bushi ni nafuu, na kama chuma hakijaliwa na kutu wala boli jointi (kiungo cha duara kati ya mkono na gurudumu) haichezi, mimi nachagua hizo. Ila ziingizwe kwa presi, mashine ya kukandamiza, si nyundo. Na hapa ndipo wengi wanapoharakisha: nati zikikazwa kabisa gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mpira wa bushi unashikwa mahali pasipo pake. Likishushwa, mpira unakaa umejisokota muda wote, na haukawii kuchanika. Simama hapo hapo, mwombe fundi amalizie kukaza gari likiwa limekalia uzito wake.

Mkono mzima ni ghali, lakini huja na bushi zake, mara nyingi na boli jointi pia. Gari linalolala karibu na bahari, mkono ukishabanduka magamba ya kutu, usihangaike na bushi. Ukinunua wa mtumba, kagua mpira. Wenye nyufa uache. Nao pia hukazwa gari likiwa chini.

Kisha kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, tairi zisilike upande mmoja.