Siku Tano Ssese: Tulipolala na Tulipokula

Mkazi wa Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala, anayetaka kupunga upepo wa pwani ana njia mbili: apande basi la Mombasa na kumaliza siku nzima na zaidi akiwa kitini, au ashuke Entebbe, mwendo usiofika kilomita mia moja, kisha avuke ziwa. Mwaka huu tulichagua ya pili. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka sabini na hajawahi kusifu chakula kwa sababu ya kumstahi mpishi tu. Uganda haina bahari, lakini Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina mchanga, mawimbi na upeo usioonyesha ng'ambo, na visiwa 84 vya Ssese vimekaa ndani yake kama pwani kamili iliyokosa chumvi peke yake. Ninaandika kwa ajili ya familia inayotaka kujua ilale wapi na ile nini huko, kwa kuwa maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya safari yalikusudiwa watalii wa kigeni, ambao huuliza habari za sokwe na machweo kabla ya kuuliza kama chai ina maziwa.

Kuhusu Entebbe nitasema machache. Feri ya MV Kalangala huondoka gati la Nakiwogo mara moja kwa siku, saa nane mchana, hukaa majini kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, na hurudi kutoka Lutoboka saa mbili asubuhi ya siku inayofuata. Anayetoka mbali afadhali alale Entebbe, kwa sababu viti hujaa mapema na feri haimsubiri mtu aliyekwama kwenye foleni ya magari Kampala. Sisi tulilala karibu na Kitooro, mtaa ambao hauna utulivu lakini una chakula: roleksi, yaani chapati zenye mayai, zinakunjwa mbele yako, mayai yakiwa bado yanatoa mvuke, na nyama choma inaendelea hadi usiku mkubwa. Asubuhi watoto walizunguka Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, na kufikia saa sita tulikuwa Nakiwogo. Tofauti ya nauli kati ya daraja la kwanza na la pili ni ndogo. Ikiwa una mzee, mlipie la kwanza. Chakula chukueni cha kwenu. Mama alikuwa amefunga gurusa, mikate yetu myembamba, kwenye kitambaa tangu Bombo, na chupa ya chai, na kabla hatujavuka nusu ya safari tulikuwa tumeshapata marafiki wa kutosha kuimaliza.

Feri hutia nanga katika ghuba ya Lutoboka, kwenye kisiwa cha Bugala, ambacho ni kikubwa kuliko vyote. Hapo mgeni anakutana na uamuzi ambao wengi huufanya bila kujua kwamba ni uamuzi. Nyumba za wageni zilizo ufuoni zinaonekana kutoka kwenye gati lenyewe. Unatembea kidogo tu na mizigo yako. Mji wa Kalangala, kinyume chake, uko juu ya kilima, na mtu aliyechoka na safari haoni sababu ya kupanda. Nasi hatukupanda. Tulikuwa tumelipia usiku mmoja katika hoteli ya ufuoni ambayo sitaitaja, kwa shilingi 180,000 za Uganda kwa kila mtu mzima, chakula cha jioni na kifungua kinywa ndani yake.

Nianze na haki yake. Mahali pale ni pazuri kwa macho. Mchanga ni mweupe, msitu unashuka hadi karibu na viti vya wageni, na ngedere huja asubuhi kukagua meza kama maofisa wa kodi. Ufuo wenyewe, hata hivyo, ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwenye picha za zamani. Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuvuka kidogo rekodi ya mwaka 1964, na katika fukwe nyingi za Uganda maji yaliingia hadi kwenye mabaraza. Pale Lutoboka nilihesabu nguzo tatu za kibanda cha zamani zilizosimama ndani ya maji, ndege wakizitumia kama viti. Anayelipia ziada ili awe hatua chache kutoka ziwani aelewe kwamba siku hizi ni ziwa linaloamua idadi ya hatua hizo.

Jikoni ndiko mambo yalikoharibika. Tuliagiza samaki saa moja jioni, wakati jua linapozama huku kwetu karibu na ikweta, na tukaletewa saa tatu na nusu. Kuchelewa kungevumilika, maana samaki anayepikwa akiwa mbichi huchukua muda wake. Lakini huyu alikuwa ametoka kwenye friza, akakaangwa upesi kwa moto mkali, ngozi ikawa imeungua huku nyama karibu na mfupa ikiwa bado baridi. Mama alimgeuza mara moja kwa uma, akaweka kiganja chake juu ya sahani na kumpima kwa shubiri. Samaki hakuifikisha shubiri. "Huyu walimtoa shuleni," alisema, akasukuma sahani pembeni na kuomba ndizi.

Wakati ule tulicheka, ila alikuwa amegusa sheria. Kwa kanuni za uvuvi za Uganda, sato, ambaye hapa wote humwita ngege, hatakiwi kuvuliwa akiwa chini ya inchi 11, na sangara, yaani mputa, chini ya inchi 20. Shubiri ya mtu mzima ni kama inchi tisa. Ukiongeza upana wa vidole vitatu umefika kwenye kipimo halali cha ngege. Tangu siku ile hatukula samaki bila kumpima, na ninaipendekeza desturi hiyo kwa kila mgeni, kwa sababu jiko linalokupa samaki mchanga kwa bei ya samaki mzima halikudanganyi kwenye samaki peke yake. Muziki ulianza saa nne usiku na ukakoma saa tisa. Jenereta ilizimwa saa tano, isipokuwa ile ya muziki.

Asubuhi tulipanda mlimani. Nyumba tuliyoipata katika mji wa Kalangala ina vyumba sita tu, ukuta wa matofali, na veranda inayotazama ghuba yote kutoka juu, hivi kwamba mandhari ile ile tuliyoilipia ghali huko chini tuliiona vizuri zaidi kwa shilingi 60,000 kwa chumba. Umeme ulikuwapo usiku kucha, kwani mji una kituo cha Bukuzindu kinachochanganya jua na dizeli. Vyandarua vilikuwa vizima, bila matundu yaliyofungwa fundo, na madirisha yalikuwa na wavu. Jambo hili si dogo mahali ambapo vijidudu vya ziwani, ambavyo Waganda huviita sami, huinuka juu ya maji kama moshi na kuja na upepo kutafuta taa. Kifungua kinywa kilikuwa katogo ya ndizi na maharage, moto, na chai yenye maziwa. Msikiti ulikuwa karibu. Kasoro zake nazo nitazisema: maji ya kuoga yaliletwa kwa jerikeni, godoro la chumba cha watoto lilikuwa na bonde katikati, na kushuka ufuoni ni mteremko ambao magoti ya mzee hayaukubali wakati wa kurudi. Tulikuwa tukishuka kwa miguu na kumpandisha Mama kwa bodaboda, naye alimwamuru kijana aendeshe polepole hadi injini ikataka kuzima.

Chakula cha maana tulikipata kwenye mwalo, mahali mitumbwi inapoegeshwa na samaki kupimwa kwenye mizani. Watu wa mialo ya Ssese ni mchanganyiko. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wengi sana kandokando ya ziwa, na wakazi wa visiwa hivi wakahamishwa. Waliokuja baadaye walitoka kila upande, Baganda, Basoga, Basamia, Wahaya kutoka ng'ambo ya Tanzania na wengine. Kwa hiyo Kiganda ndicho kinachotawala, lakini mwenye Kiswahili hapotei, na katika sufuria utakuta mapishi ya watu wote hao. Mama mmoja mwenye kibanda cha mabati na sigiri tatu alitukaribisha bila menyu yoyote. Aliinua kikapu, akamwonyesha mama yangu samaki: "Jjajja (bibi), mtazame macho, huyu ametoka majini leo." Macho yalikuwa maangavu na yaliyojaa, mashavu mekundu ndani. Mama akampima: shubiri na vidole vinne. Wakatazamana kama watu wawili wa kazi moja.

Nilikaa kuangalia namna anavyomtengeneza, na ninaieleza kwa sababu hapo ndipo tofauti ilipo. Alimpasua kwa mgongo, si kwa tumbo, akamfungua kama kitabu, akamsugua chumvi na ndimu, kisha akamlaza juu ya wavu kwenye upepo wa ziwa kwa karibu nusu saa. Nilipouliza kama amesahau, alijibu kwamba samaki mwenye maji hushika sufuria na kuiachia ngozi yake. Ngozi ilipokauka hadi kidole hakishiki, ndipo akamtia kwenye mafuta ya moto wa wastani, akimgeuza mara moja tu. Akaja na ukoko wa dhahabu unaovunjika kwa sauti, nyama nyeupe ikitoka kwenye mifupa bila kuvutwa, pembeni ndizi zilizopondwa na mchuzi wa karanga wenye mukene, wale dagaa wetu, waliosagwa ndani yake. Tulilipa shilingi 35,000 kwa samaki aliyewatosha watu watatu. Kwa familia ya Kiislamu kuna faida nyingine: samaki hahitaji kuchinjwa, hivyo hakuna haja ya kumhoji mpishi kuhusu nyama imetoka wapi.

Siri ya kula vizuri kwenye mwalo ni saa. Njooni asubuhi mitumbwi inapoingia, chagueni samaki wenu, mlipie kidogo, mseme mtarudi saa ngapi, kisha mwende ufuoni. Mgeni anayefika saa saba akiwa na njaa hupewa kilichobaki, na kilichobaki ni kile ambacho viwanda vya kusafirisha sangara nje ya nchi vimekikataa. Wiki yenye upepo mkali wavuvi hawatoki. Wiki hiyo kuleni maharage kwa amani.

Kuhusu kuogelea nitakuwa mkali. Ziwa Victoria lina kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi kutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na yenye nyasi, na mchanga mweupe hauondoi ukweli huo. Watoto wetu walicheza mchangani na kuloa miguu walipotuponyoka. Turudipo kutoka safari kama hii tutawapeleka kupimwa, kwani dawa yake ipo na ni rahisi. Aliye na hamu ya kuogelea asubiri Ziwa Nabugabo, upande wa bara karibu na Masaka, ziwa dogo lililotengwa na Victoria kwa ukuta wa mchanga, ambako familia nyingi za Masaka huenda siku za mapumziko.

Tulirudi kwa njia ya Luuku, na ninaipendekeza kwa kurudi hata kama ulikuja na feri ya Nakiwogo. Barabara inapita katikati ya michikichi, ekari baada ya ekari, iliyopandwa kuanzia katikati ya muongo wa 2000 mahali ambapo pengi palikuwa msitu. Ni mandhari yenye mpangilio na yenye huzuni kidogo kwa aliyetoka kutazama ngedere wa Lutoboka. Kivuko cha Luuku kwenda Bukakata hakitozi abiria nauli na huvuka kwa muda usiofika saa moja, na kutoka Bukakata hadi Masaka ni kilomita zisizozidi 40.

Bukakata Mama alishuka na kwenda moja kwa moja kwa wauza samaki wa kukausha kwa moshi. Wa kwanza alimpima na kumrudisha. Wa pili pia. Muuzaji alianza kununa, lakini wa tatu alikuwa sangara mrefu kuliko mkono wake hadi kiwiko, na huyo akafungwa kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko, kisha kwenye kitambaa kile cha gurusa. Hadi tunafika Masaka teksi yote ilikuwa inanukia moshi wa ziwa, na kondakta alidai nauli ya mtu wa sita.