Matairi ya gari la spoti la zamani unaloendesha kila siku: nunua yapi?

Haya wadau, karibuni. Leo tunachambua matairi, na nazungumza hasa na wewe mwenye gari la spoti la miaka ya tisini au elfu mbili mwanzoni: Mazda MX-5, Toyota MR2, Honda S2000, BMW ya zamani. Na gari hilo ndilo unaloendea kazini. Hulifuniki turubai likasubiri Jumapili. Linapigwa jua, linanyeshewa, linakaa kwenye foleni, na siku njia ikiwa nyeupe unalikanyagia kidogo.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa gari la namna hii, chagua tairi kwa jinsi linavyoshika lami iliyolowa. Kwenye lami kavu tairi zuri la leo linakutosha na kubaki. Mvua ndiyo inayoonyesha tofauti. Gari lako pengine halina kompyuta ya kulizuia lisiserereke, na MX-5 nyingi za mwanzo hata ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, hazina. Nyuma ikishachomoka kwenye kona, ni wewe, stelingi na hayo matairi manne.

Tuanze na saizi. Kamera isogee hapa ubavuni. Unaona 185/60R14? Hii ndiyo saizi iliyotoka na MX-5 ya kwanza, ile ya 1989. Upana ni milimita 185. Ubavu ni asilimia 60 ya huo upana, yaani milimita 111. Rimu ni inchi 14. Shida ni kwamba matairi ya spoti ya inchi 14 yamebaki machache mno. Mengi utakayoyakuta yametengenezwa kwa ajili ya vigari vya kubana mafuta. Ndiyo maana wengi huhamia rimu za inchi 15, na hapo saizi ya kutafuta ni 195/50R15. Piga hesabu ya kimo chote: la kwanza linafika karibu milimita 578, la pili 576. Spidomita inabaki mkweli, giya zinabaki zilivyo. Sasa mtu akikuambia 195/55R15 ni ileile tu, mkatalie. Hiyo inafika karibu 596, asilimia 3 zaidi. Spidomita itasoma chini ya mwendo wako halisi na gari litakuwa zito kuondoka.

Na jamani, tuache tamaa ya upana. MX-5 ya kwanza ina uzito wa takriban tani moja tu. Ukiivalisha tairi pana sana, kila tairi lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni huku uzito wa kulikandamiza ni uleule. Matokeo yake gari linaanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo kuliko zamani. Tena tairi pana lenye ubavu mwembamba linaonea bushi na shokapu ambazo tayari zina umri, na shimo moja tu linapinda rimu. Ubavu ule mnene wa zamani ulikuwa sehemu ya springi za gari. Mimi naupenda, na siutoi kwa ajili ya muonekano.

Tukija kwenye aina, tazama neno TREADWEAR ubavuni na namba inayofuata. Huo ni mfumo wa Marekani wa kukadiria tairi litadumu kiasi gani. Msingi wake ni 100, kwa hiyo lenye 300 linatarajiwa kudumu mara tatu ya hilo katika jaribio lao. Ila namba hiyo kiwanda kinajipa chenyewe, kwa hiyo usigombanie 320 ya kampuni hii na 340 ya ile. Itumie kujua kundi tu.

Kundi la 200 na kushuka ni kina Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova AD09. Toyo Proxes R888R iko chini zaidi, 100. Haya ni matairi matamu mno kwenye uwanja wa mbio, na najua ndiyo yanayosifiwa kila mahali. Kwa safari ya asubuhi siyapendekezi. Mpira wake unataka joto ndipo ushike sawasawa, na gari jepesi kwenye foleni haliupi hilo joto. Yana kelele, yanaisha haraka, na kadiri kashata (vile vinundu vya uso wa tairi) zinavyopungua ndivyo maji yanavyokuwa adui.

Kundi la katikati, karibu na 300, ndilo langu. Mfano ni Firestone Firehawk Indy 500, yenye 340, na inatengenezwa kwa 195/50R15. Mifereji yake ni ya kutosha, na mpira wake hauhitaji kupashwa joto ili ufanye kazi. Hapa ndipo ningeweka pesa yangu, alimradi unakoishi hakuna baridi kali. Matairi ya kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na theluji ndiyo hayaiwezi kabisa. Kama baridi ya hivyo ipo kwenu, nenda kwenye matairi ya misimu yote ya daraja la spoti, kama Continental ExtremeContact DWS06 Plus yenye 560. Hilo lina kitu nakipenda sana: herufi D (lami kavu), W (maji) na S (theluji) zimechongwa kwenye uso wa tairi. Herufi ya theluji ikifutika, ujue uwezo wake wa theluji umekwisha. Ile ya maji ikifutika, anza kutafuta jingine. Stelingi italegea kidogo ukilinganisha na la kiangazi, lakini ni bei ndogo.

Kama kwenu matairi yanauzwa na lebo ya Ulaya, tazama alama ya mshiko kwenye maji, A hadi E. Chini ya B sishuki.

Sasa sogea tena karibu, maana hapa wengi wanapigwa. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Zikiwa 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kwa saizi za magari ya zamani jambo hili ni kubwa kuliko jina la kampuni, kwa sababu saizi zisizotoka haraka hukaa stoo miaka. Mpira unazeeka hata bila kutembea: unakuwa mgumu, unapoteza mshiko, na ukiinama ukatazama chini ya mifereji unaona nyufa nyembamba kama nywele. Tarakimu hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu, basi zisome kabla fundi hajalivalisha kwenye rimu, zisije zikaangalia ndani.

Ukiweza kununua mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza unaachia mafuta na gari linarudi. Nyuma ikiteleza linageuka. Wenye magari ya saizi mbili tofauti, kama S2000 ya mwanzo yenye 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma, hamna pa kubadilishana. Nunueni seti nzima ya aina moja.

Siku ya kufunga, badilisha na valvu, pima alaimenti, na jaza upepo kwa kufuata kibandiko cha mlangoni matairi yakiwa ya baridi. MX-5 ya kwanza inataka PSI 26 tu. Fundi akizoea magari mazito atakujazia 35, na gari litakuwa linarukaruka kwenye kila tuta. Kilomita mia mbili tatu za mwanzo nenda taratibu, uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani. Na ukishatembea kama kilomita 50 hadi 100, simama, kaza nati tena.