Gari Linanuka Sigara: Udi au Siki?
Gari nililonunua Malindi lilinuka sigara hadi kwenye mikanda. Shangazi akasema, fukiza udi. Siku mbili likanukia kama chumba cha bi harusi. Ya tatu, jua la adhuhuri likaiamsha sigara ile ile, sasa imechanganyika na udi. Kichefuchefu kitupu! Udi hufunika tu.

Siki ina kazi zaidi, lakini inaondoa. Nilichanganya kikombe kwa kikombe cha maji, nikafuta vioo, dashibodi na dari, maana moshi huacha utando wa kunata. Kitambaa cheupe kilitoka rangi ya chai ya mkandaa. Dari usiilowanishe, gundi itaachia. Harufu ya siki yenyewe huisha milango ikiachwa wazi. Filta ya eisi, yaani kiyoyozi cha gari, nunua mpya.