Sabuni nyeusi ya Morocco: miezi mitatu bafuni kwangu

Hapa Muscat, Oman, hamamu ya Kimorocco, yaani bafu la mvuke la kujisugua mwili, ni kitu cha kawaida, na wifi yangu hakuchoka kunisimulia. Mimi niliyekulia Unguja kwenye singo na liwa, vitu vyetu vya kujisugua na kujipaka mwilini, sikuona haja. Mwisho nikanunua kopo la gramu 250 kwa riali mbili, pamoja na kisi, ile glavu yao ya kusugulia.

Kwanza, si nyeusi. Ni ya kahawia, laini kama halua ambayo haijashika, na inanukia zeituni za chumvi. Povu hakuna la maana. Ulaini wake unatokana na potasiamu. Sabuni ya mche hutumia sodiamu, ndiyo maana inakuwa ngumu. Mafuta yake ni ya zeituni: zikishakamuliwa, mashudu yake, yaani maganda, nyama na kokwa, hubaki na mafuta kidogo ambayo viwanda huyatoa kwa mara ya pili, na mengine huishia kwenye sabuni.

Namna ya kutumia: oga maji ya moto mpaka bafu lijae mvuke, jipake, subiri kama dakika 10, suuza, kisha sugua kwa kisi. Loo! Nongo zilitoka vijiti vijiti kama vumbi la kifutio, nami nilikuwa najiona msafi. Visigino na viwiko vimelainika kuliko dodoki lilivyowahi kunifanyia.

Kosa nililifanya wiki ya pili, nikasugua kila siku, hadi usoni. Ngozi ikakauka, ikawasha. Sabuni hii ni kali kama sabuni nyingine, sasa naitumia mara moja kwa wiki na usoni siipeleki, halafu napaka mafuta ya nazi. Na jamani, sakafu huteleza!

Kopo la pili nilinunua duka jingine, nikauziwa rangi na manukato. Tangu hapo nasoma kibandiko: nataka kuona "potassium olivate". Kukiwa na "palmate", hayo ni mafuta ya mawese.

Muuzaji yule yule aliniambia inang'arisha weupe. Haing'arishi, inatoa nongo tu. Akanitolea na majani ya zeituni ya chai, eti ya presha. Mama yangu ana vidonge vyake vya presha, na majani hayo yanaweza kuishusha zaidi, kwa hiyo nikamrudishia pakiti yake.

Visigino, nyota tano. Uso, moja.