Kutoa vitu nyumba ya mama, Section 58: pesa ilienda wapi

Wacha niandike nikiwa bado na risiti mkononi, maana mwezi uliopita ningepata mtu wa kunieleza haya ningeshukuru sana. Mama alituacha mwezi wa pili, na nyumba yake ya bedroom tatu hapa Section 58 Nakuru, mahali amekaa miaka 31, ilibidi itolewe vitu vyote ndio tuipangishe.

Watu wa kutoa vitu wa kwanza niliwapigia simu tu. Wakauliza bedroom ngapi, nikasema tatu, wakasema 12,000, nikaona hiyo ni sawa kabisa. Siku ya kazi wakafika, wakafungua stoo ya nyuma, wakaangaliana, bei ikaruka hadi 30,000 hapo hapo getini injini ikinguruma na majirani wakitazama. Nikakataa, nikawapa 2,000 ya mafuta wakaenda zao. Hapo ndio nilielewa hakuna kitu kinaitwa bei ya bedroom. Chumba cha kijana mwenye godoro na begi moja si sawa na chumba cha mama ambaye hakutupa hata chupa. Unalipia tripu za kenta, mikono ya kubeba, na mahali taka itaenda kulala.

Sasa hawa wa pili, vijana wa mtaa wa Free Area, ndio naandika juu yao. Bosi wao alikuja mwenyewe jioni, akafungua kila kabati, akaingia stoo na tochi ya simu, akapanda hata kuchungulia juu ya dari, kisha akaandika kwa karatasi: kenta tripu mbili 11,000, vijana wanne siku mbili 8,000, magunia na kamba 1,500, kutupa taka 3,000, kuosha nyumba mwisho 4,000. Jumla 27,500. Chini akaandika tripu ikizidi ni 5,500 na lazima anipigie kwanza. Ilizidi kweli, akanipigia, nikakubali. 33,000, nikatuma M-Pesa nusu mwanzo nusu mwisho.

Walifika saa nne badala ya saa mbili, hiyo sikuipenda. Lakini kazi wanaijua. Kabati la mbao la mama halikupita mlangoni, wakalifungua skrubu moja moja bila kulikata, skrubu zote wakaweka kwa kikombe wakafunga na karatasi ya nailoni. Siku ya pili kijana mmoja mdogo alikuwa anajaza gunia kwa stoo, akatoka na mkebe wa Kimbo umeshika kutu, akaniambia, “Anti, hii umeiangalia ndani? Kuna karatasi.” Mimi nilikuwa nimeshasema kila kitu cha stoo kiende. Ndani kulikuwa na cheti cha hisa cha baba, ya ile kampuni ya kununua mashamba waliochangia miaka ya sabini, imekunjwa mara nne na risiti zake zote. Watu wa Nakuru mnajua karatasi hiyo inamaanisha nini kwa familia, inaweza kuwa ushahidi wa haki ya shamba. Nilikaa chini kwa simiti nikalia, na yule kijana akangoja hapo kando kimya mpaka nikamaliza. Sasa iko kwa wakili.

Mahali pa kuwa macho ni hapa. Walitaka kuchukua sofa na hilo kabati kwa 3,500. Nikaomba nifikirie, nikaita muuza fanicha za mitumba, akatoa 9,000 bila kubishana sana. Vyuma nikauza skrepu, kilo 112 kwa 40, hiyo ni 4,480. Kwa hivyo gharama ikashuka hadi 19,520, na ukiongeza ile 2,000 ya wale wa kwanza ni 21,520. Anayebeba asikuwe ndiye anakupimia thamani, tafuta mtu mwingine, na ufanye hivyo kabla kenta haijafika kwa sababu ikishafika unaanza kuharakishwa.

Halafu uliza taka inaenda wapi. Kusafirisha taka kunataka leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, hawa walinionyesha yao, na mzigo ulienda jalala la Gioto. Ile TV ya zamani yenye mgongo mkubwa nilikataa iende huko. Glasi yake iko na madini ya risasi (lead) ndani, ambayo ni sumu, na pale Gioto kuna akina mama na watoto wanachambua taka na mikono mitupu. Fundi wa TV aliichukua bure kwa sababu ya spea. Nguo nzuri zilienda kwa majirani, yale matambara nikampa mama wa mali kwa mali akaniachia beseni mbili.

Kitu kimoja waliharibu, kenta ikirudi nyuma iligonga geti bawaba ikapinda. Bosi alisema atarudi, na mimi kusema ukweli sikuamini. Ijumaa asubuhi nilipata fundi wa welding ameshafika na mashine yake, hakuna mtu alikuwa amempigia kutoka kwetu, na hakuitisha hata shilingi.