Ngazi ya Mbwa ya Kupandia Kitandani: Sponji Safi, Kitako Kinateleza!

Jamani, karibuni. Leo salamu fupi, maana nina jambo na hiki kitu na nikilizunguka nitasahau nusu. Hiki hapa. Ngazi ya mbwa. Vidato vitatu vya sponji, kitambaa cha kijivu, zipu kwa nyuma. Kazi yake ni kumsaidia mbwa mdogo au mbwa mzee apande kitandani na kushuka bila kuruka. Rangi zake, uzito wake, hayo yote yako kwenye tangazo la muuzaji na mmeshayasoma. Siyarudii. Mimi nataka mtazame chini.

Mdogo wangu, leta kamera huku. Shusha. Shusha zaidi, usiogope vumbi. Haya, mnaona hivi vidoti vyeupe? Hivi ndivyo tangazo limeviita “kitako kisichoteleza.” Vigusie kidole. Vigumu, vimekauka, havina mvuto wowote. Sasa nyumba yangu ina marumaru, kama nyumba nyingi tu hapa Dar, na tunapiga deki kila asubuhi. Naiweka ngazi hapa, imegusa kitanda vizuri kabisa. Nasukuma kwa kidole kimoja. Kimoja, tazameni. Imeondoka! Haikubisha hata kidogo.

Najua mtasema haina mzigo. Sawa. Huu ni mchele, kilo 5, nauweka kwenye kidato cha juu. Nasukuma tena, polepole. Imeondoka na mchele wake. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, maana watu wengi hawalifikirii hili: mbwa akipanda, miguu yake ya nyuma inaisukuma ngazi kinyume na kitanda. Akishuka, anatua juu yake na kasi yake inaibeba, pia kinyume na kitanda. Akienda, akirudi, ngazi inasafiri upande mmoja tu. Jioni umeiacha imebana kitanda, usiku wa manane kuna upenyo wa kiganja, na mbwa mzee anayeamka kwenda kunywa maji haoni huo upenyo. Mguu unaingia katikati. Hiyo si ngazi tena, huo ni mtego, tena umeulipia wewe mwenyewe.

Nikiiweka juu ya mkeka wa raba, ule wa mlangoni, tazama. Nasukuma, nasukuma... imetulia. Kwa hiyo tatizo si sponji wala umbo, tatizo ni vidoti. Kitu cha shilingi elfu moja kimeharibu kitu cha shilingi 95,000. Ndiyo, 95,000, na bodaboda juu yangu. Na kabla hamjauliza, hakuna aliyenilipa, hii nimenunua kwa pesa yangu, ndiyo maana nasema ninavyotaka.

Kuna mwenzetu mmoja kwenye chaneli nyingine, simtaji, aliipa ngazi ya aina hiihii kumi kwa kumi. Nikaitazama video yake mara mbili kujiuliza anaishi wapi. Ameirekodi kwenye zulia! Zulia nene, ukuta hadi ukuta. Kaka, hongera kwa zulia, lakini sisi wa marumaru tufanyeje?

Haya, tufanye hivi. Nenda kwa fundi baiskeli au fundi pikipiki, muombe tyubu iliyotoboka isiyozibika. Wengi watakupa bure. Ipasue, ioshe ile poda ya ndani, kata vipande virefu, bandika chini ya ngazi kwa gundi ya fundi viatu, safu nne hivi. Acha ikauke vizuri, harufu iishe, usimuwekee mbwa gundi mbichi puani. Yangu ya pili nimeshaifanyia hivyo. Mdogo wangu, ilete. Tazama: kilo 5 za mchele, mkono mzima... haisogei. Mimi naongeza na kamba, naifunga kwenye mguu wa kitanda, maana siamini mtu.

Sasa aje mwenye ngazi. Kashata! Kashata, njoo mama.

Kwa wageni wa chaneli, huyu ni Kashata. Ana miaka 12, kilo 9, mchanganyiko wa Dachshund, na huo mchanganyiko wenyewe umebaki kwenye masikio tu. Mgongo na miguu yote ni ya Dachshund. Na wale mnaotaka kuandika “mbwa kitandani, astaghfirullah,” nawasoma kila wiki na nawaheshimu. Ngazi hii inafaa pia kwenye kochi, kwenye kiti cha gari, au kile kitanda cha kamba cha barazani. Wa kwangu analala miguuni pangu, na hilo tumeshalizungumza humu tukamaliza.

Kwa nini nahangaika hivi? Mbwa wa aina hii, miguu mifupi mgongo mrefu, wana urithi unaofanya zile sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo kukauka na kukakamaa mapema, wakiwa bado vijana. Sahani ikipasuka au ikitoka mahali pake inabana mishipa ya fahamu. Mbwa aliyekuwa akikimbia asubuhi, jioni anaburuta miguu ya nyuma. Kuruka kutoka kitandani si chanzo pekee, inaweza kutokea hata akiwa amelala, lakini kila kutua ni mshindo kwenye mgongo ambao tayari una udhaifu. Ukiona mbwa wako anaburuta miguu, au hawezi kukojoa, usisubiri kesho. Mlaze kwenye kitu bapa, asijikunje, nenda kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Na wale wenye Chihuahua, Pomeranian, vile vijimbwa vya kubeba kwenye mkoba, msijione mmepona. Kwa hao hofu kubwa ni mikono, yaani miguu ya mbele. Mbwa hubeba uzito mwingi zaidi mbele kuliko nyuma, na akitua kutoka juu mbele ndiko kunakopokea karibu kila kitu. Mifupa yao ni myembamba kama penseli. Kuvunjika karibu na kifundo kwa kuruka kutoka kitandani au mikononi mwa mtoto ni jambo ambalo madaktari wanalijua sana.

Haya Kashata, panda. Kidato cha kwanza... cha pili... Mnaona anavyosita? Simamisha hapo, mdogo wangu, msogelee. Anasita pale juu, na ana haki yake. Kidato kimoja kina sentimita 15, kwa hiyo ngazi nzima ni 45. Kitanda changu, kile cha fundi wa Keko, kule kwa mafundi samani hapa Dar, chenye uvungu wa kuingiza masanduku ya ukoo mzima, ukiongeza godoro la inchi 8, kinafika sentimita 68. Toa hesabu. Zimebaki 23. Na Dachshund wa kawaida kutoka chini hadi mabegani ni sentimita 20 hadi 23 hivi. Maana yake nimempandisha vidato vitatu, halafu nikamwambia aruke kimo chake mwenyewe. Pima kitanda chako kabla ya kununua! Pima kuanzia sakafuni hadi juu ya godoro, mtu akiwa hajalikalia. Ngazi ikibakiza zaidi ya kidato kimoja kufika juu, iache dukani.

Nimemwekea kibao hapo juu kwa leo. Panda mama. Eeeh! Malkia amefika. Chukua kuku wako.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Sponji yenyewe ni nzuri, aisee. Nabonyeza kwa goti, inarudi. Kitambaa kinavulika, nimekifua, hakikusinyaa. Kina cha kidato kinatosha miguu yote minne kutulia kabla ya kuendelea, na ngazi nyingi za plastiki zinafeli hapohapo, vidato vyembamba hadi mbwa mrefu anajikuta anapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Rangi tu ndiyo siipendi. Kijivu chote, juu kijivu, ubavuni kijivu. Mbwa mzee macho yameanza ukungu, na usiku hajui kidato kinaishia wapi. Mbwa huona vizuri bluu na njano. Nyekundu na kijani ndizo zinazompotea. Kwa hiyo nimebandika utepe wa njano kwenye kila ukingo, na taa ndogo ya ukutani naiacha usiku. Tangu hapo anashuka kwa heshima zake.

Sasa, kama mbwa wako ana mgongo mrefu, nitakuambia kinachoniuma: usinunue hii kabisa. Ndiyo, nimeisifia dakika moja iliyopita. Kwa hao, madaktari wengi wanapendelea rampu, ubao wa mteremko, kwa sababu mgongo unabaki umenyooka badala ya kujikunja kila kidato. Na rampu fundi yeyote wa mbao anakutengenezea. Kosa la zile zinazouzwa mtandaoni, za kukunja, ni ufupi. Utakuta za mita 1 tu. Mita 1 kwenye kitanda cha sentimita 68 ni mwinuko wa zaidi ya nyuzi 40. Wewe mwenyewe ungepanda kwa mikono.

Hesabu yake nyepesi: kimo cha kitanda, sakafuni hadi juu ya godoro, zidisha kwa 3. Kitanda cha 60, ubao wa 180. Hapo unapata mwinuko wa chini kidogo ya nyuzi 20, na hata mbwa mwenye yabisi ya viungo anatembea. Chumba kidogo? Zidisha kwa 2 na nusu, usishuke hapo. Plaiwudi nzima ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244, kwa hiyo ukiipasua kwa upana wa 40 unapata rampu tatu, wewe na majirani wawili mnachangiana. Mwambie fundi apigilie mbavu kwa chini isipinde, kingo ndogo pembeni, na juu abandike zulia la bei rahisi au mkeka wa raba. Mbao tupu iliyopigwa vanishi inateleza kuliko hata hii ngazi ya watu.

Kuna dada aliniuliza wiki iliyopita, “rampu yangu mbwa haigusi, nimvute kwa kamba?” Hapana, dada. Ukimvuta amejifunza kwamba rampu ni adhabu. Ilaze chini, bapa kabisa, mlishe juu yake. Akishaizoea inyanyue upande mmoja kwa matofali mawili, kesho ongeza. Na umfundishe kushuka kwa bidii kuliko kupanda, maana wengi wanapanda kistaarabu halafu wanaruka kushuka. Ukiwa haupo nyumbani funga mlango wa chumba. Ukimbeba, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa. Ile ya kumning'iniza kwa makwapa kama mtoto mchanga, acheni. Mkateni kucha, na zile nywele kati ya nyayo zipunguzwe, hizo pekee zinatosha kumtelezesha kwenye marumaru.

Na jambo moja la hasira, nalisema halafu napumua. Mbwa akianza kusita kupanda kitandani, akilalamika ukimshika kiunoni, akilamba goti lilelile, huyo ana maumivu. Msimpe Brufen. Msimpe diclofenac. Msimpe Panadol ya bibi. Dawa hizi za binadamu zinatoboa tumbo, zinaua figo, zinaua ini la mbwa, na nimeona mtu akishauri “nusu kidonge tu” kwenye maoni ya video yangu mwenyewe. Nimeyafuta. Zipo dawa za maumivu za mbwa, daktari wa mifugo anampima uzito na kuandika. Ndiyo, najua ukimpigia baadhi ya mabwana mifugo jambo la kwanza watakuuliza ng'ombe wangapi. Mwambie mmoja, mfupi, anabweka.

Habari za chaneli: maiki mpya imefika, ndiyo maana leo hamsikii jenereta la jirani. Jumamosi jioni tutakuwa mubashara, leteni picha za vitanda vyenu. Na video ijayo ni bakuli za maji, nina la kusema kuhusu zile za chemchemi.

Kwa hiyo 95,000? Kama una kijimbwa chepesi, kitanda cha chini au kochi, na uko tayari kubandika tyubu, nunua. Wangeweka raba ya kweli chini ningelipa hata 110,000 bila kubishana. Kama una Dachshund, au kitanda cha Keko kama changu, hiyo pesa mpelekee fundi wa mbao. Na kama huna hata hiyo, shusha godoro chini, toa chaga, mmelala wote salama, gharama sifuri.

Andika kwenye maoni kimo cha kitanda chako kwa sentimita na uzito wa mbwa, nitakujibu urefu wa ubao. Sentimita, tafadhali. Jana kuna mtu kaniandikia “kinanifika gotini,” na mimi goti lako silijui.